Bao na Wapimaji Wake

Wako wataalamu waaminio ya kuwa ubora wa mchezo umo katika kanuni zake tu: wingi wa njia, wepesi wa mkono kuitikiwa, na usawa wa nafasi ya kushinda na kushindwa. Imani hii imetoka kwa watungao michezo ya video, ikaingia madarasani, na sasa yatumiwa kulihukumu hata bao. Ni imani pungufu, na madhara yake si madogo.

Bondeni, katika nchi ya mpunga na kakao iliyo baina ya milima ya Rungwe na Ziwa Nyasa, bao huchezwa ng'ambo zote mbili za mto Songwe. Upande wa Malawi huitwa bawo. Kanuni zahitilafiana kidogo toka mahali hadi mahali, wala hajasikika mtu aliyevuka mto akauacha utamu nyuma yake.

Na itazamwe nyumba. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana mashimo 16 na kete 32. Huanza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni, na sita kati ya hizo 10 zimo katika shimo moja liitwalo nyumba. Akila, na kete zake zikaishia humo, mwenyewe ana hiari: alale, au aende safari na nyumba yote. Sasa shimo hilo na liitwe shimo namba tano. Hesabu haikubadilika hata kwa kete moja. Lakini aliyepoteza shimo namba tano amepungukiwa. Aliyepoteza nyumba amevunjiwa, na jirani zake wamesimama wanatazama. Mpimaji wa kanuni hana kipimo cha tofauti hiyo, kwa hiyo husema haipo.

Wanyakyusa walikuwa na neno lake zamani. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwao katika miaka ya 1930, alilipa neno ukwangala nafasi kubwa katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951: ni kustarehe na wenzi kwa mazungumzo, kwa adabu, na kwa usawa wa rika. Vijiji vya marika alivyovieleza havipo tena kama alivyoviona, ila haja ile ingali hai. Bao laishi humo: katika utani, katika subira ya mtazamaji aliyeuona mtaji naye amejizuia kuutaja, katika kimya kimwangukiacho aliyekosea.

Mpinzani atautaja Tetris, aliouunda Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984: mchezo wa mtu peke yake, hauna hadithi wala jirani, na ulimwengu umeupenda. Hoja hii ina nguvu. Lakini yathibitisha kwamba upo mchezo mzuri wa upweke. Haithibitishi kwamba bao ni mmojawapo. Na hata huko, hofu ya kuona rundo likipanda haimo katika kanuni, imo kifuani mwa mchezaji.

Basi kijana msomi atiaye bao katika simu, akazihesabu kete zote 64 sawasawa, kisha akamweka mchezaji mbele ya adui asiyetania wala kuona haya, amehifadhi mifupa. Ajabu ni kwamba wavulana wa mabanda ya gemu, wakemewao na wazee kwa kupoteza wakati, wamelifahamu jambo hili kumshinda yeye. Hulipia mpira wa kwenye kioo, na bao likiingia, hugeuka kwanza kumtazama aliyefungwa.