Dawa isiyo na jina si desturi yetu



Desturi ya dawa za majani iko na maadui wawili. Wa kwanza tunamujua tangu zamani: ni yule mwenye kusema kama kila jani ni uchawi. Wa pili ni mubaya zaidi, kwani anavaa nguo zetu. Anasimama sokoni na chupa isiyo na jina, anaita: «Mama, magoti inauma? Mugongo? Kunywa hii, dawa ya bankambo, inaponyesha yote!» Sisi tunasema: huyo hauzi desturi yetu, anaiua.

Tuanze na maumivu yenyewe. Katika milima yetu ya Kivu, mama anabeba mizigo mugongoni, kamba kwenye kipaji, anapanda na kushuka miaka 30 ama 40. Goti linachoka, linavimba, asubuhi linakataa kukunjuka. Hospitali wanaita ugonjwa huu artroze. Hata wao hawana kidonge cha kurudisha goti la ujana. Wako na vidonge vya kupunguza maumivu, na vile vikizidi vinaumiza tumbo. Basi jani liko na nafasi yake, na hakuna sababu ya kuona haya.

Tazama igisura, jani lenye kuwasha la milima ya baridi, ambalo wataalamu wanaita Urtica massaica. Watu wanalipiga kwenye kiungo chenye kuuma mpaka ngozi inapata moto. Wasomi walicheka. Lakini katika mwaka 2000, kule Plymouth, Uingereza, waganga walijaribu jani la ukoo uleule kwa wagonjwa 27 wenye kuumwa na kiungo cha shina la kidole gumba ao kidole cha shahada, na maumivu yalipunguka. Watu 27 ni wachache, tunakubali, lakini kicheko kile hakina nguvu tena. Na pilipili yetu? Ule ukali wake unaitwa kapsaisini, na farmasi za Ulaya zinauza mafuta yake kwa kupakaa kwenye viungo. Tangawizi nayo ilijaribiwa kwa magoti: inasaidia kidogo, haifanyi miujiza. Kusaidia kidogo, ndiyo sifa ya kweli ya majani haya. Hayarudishi goti jipya, na muzee mwenye akili hakuahidi hivyo.

Sasa rudi kwa ile chupa ya sokoni. Mugonjwa anakunywa jioni, kesho yake anatembea kama kijana, jirani wote wanashangilia. Hapo ndipo inafaa kushituka! Katika inchi nyingi, wapimaji walikuta ndani ya dawa zinazoitwa za majani vidonge vilivyosagwa: deksametazone, prednizolone, diklofenaki. Mutu akivinywa miezi bila kujua, uso unavimba, sukari inapanda katika damu, mifupa inalegea, tumbo linaweza kutoka damu. Na akiacha deksametazone gafula, anaweza kuanguka kabisa. Kisha watu watasema: «Ameuawa na dawa ya kienyeji.» Hapana! Ameuawa na dawa ya farmasi iliyofichwa ndani ya chupa yenye jina letu.

Tena muuzaji haulizi. Muganga wa kweli wa kijiji anauliza: maumivu yalianza lini? kiungo kimoja ao vyote? kuko homa? Maswali haya yanaokoa maisha. Mutoto mwenye kulia mikono na miguu, macho manjano, pengine iko drepanositoze. Ni ugonjwa wa damu, hakuna mulozi nyumbani. Mutoto mwingine aliumwa koo, kisha homa, kisha maumivu yanahama kutoka goti mpaka kiwiko: ugonjwa huo unaweza kuharibu moyo wake, na penisilini ndiyo inaulinda. Watoto hawa wapelekwe hospitali siku ileile. Kuwapaka majani na kungoja si kuheshimu wazee.

Hata wembe tuuseme. Kuchanja ngozi juu ya goti na kusugulia dawa ni desturi ya zamani, lakini wembe mumoja kwa watu watano unapitisha sida na ugonjwa wa maini. Desturi haikosi kitu ikiacha wembe ule.

Wengine watatujibu: «Siri ya dawa ni mukate wa jamaa.» Tunaelewa. Lakini muzee akikufa na siri yake, ni nani anakula mukate ule? Pale Alma-Ata, mwaka 1978, mataifa yalikubali kama waganga wa kienyeji, wakifundishwa inavyofaa, wanaweza kufanya kazi pamoja na wale wa hospitali. Lakini hakuna mutu anaweza kufanya kazi pamoja na chupa isiyosema jina.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kila dawa iwe na jina la muti, sehemu yake na kipimo chake. Wazee waseme, vijana waandike, na majani yapelekwe kwa wajuzi wa mimea, kama wale wa Lwiro, karibu na Bukavu, ambako majani yanakaushwa na kuandikwa. Na ninyi wanunuzi, muulize: «Ni jani gani?» Muuzaji akinyamaza, mufunge mufuko wenu.

Mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamufunua. Na mwenye kuficha dawa vilevile.