Safari ya Kidato cha Nne Ipangwe Ili Wote Waende

Nilipokuwa kidato cha nne, shule yetu ya Dar es Salaam ilitangaza safari ya kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Tuliondoka saa tisa usiku kwa basi la kukodi. Tulifika jua limeshapanda, tukazunguka saa chache, tukaona twiga wawili na tembo kwa mbali, tukala chipsi baridi tulizobeba kwenye makopo, kisha tukageuza. Tulirudi bwenini usiku wa manane. Karibu nusu ya darasa hawakwenda, kwa sababu mchango uliwashinda wazazi wao. Mmoja wao ni mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja.

Tangu siku hiyo naamini kwamba safari nyingi za shule hupangwa kinyume. Kwanza huchaguliwa jina kubwa la mahali, halafu hutafutwa basi, na mwisho mzazi huletewa bei. Ingefaa tuanze na kiasi ambacho mzazi mwenye kipato cha chini kabisa darasani anaweza kutoa, ndipo tuulize fedha hiyo inatufikisha wapi. Nchi yetu ina mambo mengi njiani kiasi kwamba jibu halitakosekana.

Tuchukue njia ileile ya Mikumi. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 huwafikisha watu Morogoro mapema, bila basi la kukodi. Pale mjini, inua macho uione Milima ya Uluguru. Darasani tumekariri kwamba pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zikikutana na mlima hupanda, hupoa na kuangusha mvua, na kwamba upande wa pili hubaki mkavu. Hapa jambo hilo linaonekana kwa macho: mashariki ya milima ni migomba na viungo, magharibi nyasi hukauka mapema. Mto Ruvu unaopata maji yake katika milima hii ndio unaowanywesha wakazi wa Dar es Salaam. Nenda sokoni asubuhi, muulize mama anayeuza ndizi zimetoka upande gani wa mlima. Atakujibu vizuri kuliko kitabu, tena bila kutoza kiingilio.

Kutoka Morogoro, mabasi ya kwenda Ifakara hupita katikati ya hifadhi ya Mikumi kwa barabara kuu, kiasi cha kilomita 50. Abiria wa kawaida huona swala, nyati na hata tembo dirishani kwa nauli yake tu. Simaanishi kwamba kuingia ndani hakuna faida. Nasema tu kwamba darasa lisilo na fedha halijanyimwa kila kitu.

Basi likifika mji wa Mikumi huacha barabara kuu, likapita mashamba ya miwa ya Kilombero hadi Mang'ula, chini ya Milima ya Udzungwa. Mahali hapa ndipo ningetumia siku nyingi. Hifadhi ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, hutembelewa kwa miguu, kwa hiyo hakuna gharama ya gari ndani ya msitu. Mkiwa na mwongozaji mnapanda hadi maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa takribani meta 170. Kuna kima wa Sanje, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979, ambaye haishi porini popote duniani isipokuwa katika milima hii. Watu huvuka bahari kumtazama, nasi tunapita kwa basi tukiwahi picha ya simba. Jioni mnakula wali wa mpunga uliolimwa bondeni na samaki wa Mto Kilombero. Makopo ya chipsi yaachwe nyumbani. Mchele wa Kilombero si wa kupita hivihivi.

Walio na siku za ziada wanaweza kurudi barabara kuu na kupanda hadi Iringa kwenye baridi, waone zana za mawe za Isimila na fuvu la Mkwawa pale Kalenga, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. (Ulanzi waachieni wakubwa.) Wasio na siku hizo wasione wamepunjwa.

Wapo watakaosema kwamba mtahiniwa hana muda wa kutembea. Hofu hiyo naielewa, na ndiyo maana nasisitiza likizo ya Juni. Mwezi huo masika yamekwisha, njia za msituni hazitelezi sana, na wanyama wameanza kusogelea maji. Baada ya mtihani wa Novemba darasa hutawanyika, na wengine hatuonani nao tena. Siku nne za Juni haziangushi mtu aliyesoma miaka minne.

Kuhusu malazi, mkuu wa shule anaweza kuiandikia mapema shule ya huko iliyofunga na kuomba bweni. Wazazi wa wasichana hasa watataka kujua ni walimu gani wanakwenda na watoto watalala wapi. Waandikiwe yote hayo kwenye karatasi moja, pamoja na nauli, chakula, viingilio na akiba ya dharura, kabla ya kuombwa hata shilingi moja.

Mwenzangu yule aliyebaki bwenini alikuwa mwenyeji wa Mang'ula. Niliporudi usiku ule nilimsimulia habari za twiga. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama tulifika kwao, maana kutoka mlangoni kwao hadi lango la hifadhi ni mwendo wa miguu, na mama yake angetupikia wali.