MOLASI WAPENI NG'OMBE, SI MCHICHA

Ndugu wanaushirika,

Mkutanoni tuliambiwa tutoe fedha za mfuko tununue mapipa ya molasi tumwagie matuta, ati tuwalishe bakteria wa udongo. Mimi Katibu napinga, na sababu ni hizi.

Bakteria wanapenda sukari, hilo sibishi. Mizizi yenyewe huwapa kila siku. Kunde huwalisha wale wa vinundu, nao huilipa naitrojeni ya hewani. Lakini ukiwamwagia sukari tupu wanazaliana kwa fujo, wanaikamata naitrojeni ya udongo kujenga miili yao, na mchicha unageuka manjano. Hiyo naitrojeni hairudi mpaka wafe. Sasa mchicha wa wiki nne utangoja matanga yao?

Mtasema mbona bokashi hutiwa molasi. Hutiwa, kidogo tu, ya kuchachusha pumba na samadi. Msichanganye mambo.

Pale Kariakoo makapi ya miwa na maganda ya mananasi yanatupwa, na sukari yake imo humo humo. Tuyachanganye na samadi ya kuku, maana ndiyo yenye naitrojeni, tufunike, tugeuze mpaka yaoze. Anayeona haya kusukuma taka aje tuonane.

Mkokoteni unaondoka ofisini Jumamosi saa 12 asubuhi.

Katibu