Mrehani Usibaki Katika Mashairi Tu

Kaskazi iliyopita nilifanya jambo ambalo mke wangu hajaacha kunicheka hadi leo. Nilikuwa nimekwenda Nairobi kwa shughuli zangu, na katika duka moja la mbegu nikaona pakiti yenye picha ya maua ya kila rangi, mororo kama hariri. Muuzaji akaniambia yaitwa switipii, na kwamba harufu yake haina kifani. Sasa, mshairi akitajiwa harufu nzuri huwa hana akili tena. Nikatoa pesa.

Niliporudi Mombasa nilizifuata kanuni zote. Mbegu zake ni za mviringo na ni ngumu, basi nikaziroweka usiku kucha, nikazipanda makoponi, nikasimika na vijiti vya kutambalia. Zikaota. Zikafika urefu wa shibiri moja, kisha zikageuka manjano, na kabla ya mwezi kwisha hapakuwa na hata mche mmoja. Kosa lilikuwa langu. Ua hili hupenda baridi, nami nililiweka katika jua la Januari. Lau ningekuwa mkaazi wa Limuru, huenda ningekuwa na hadithi nyingine.

“Bwana wee,” akasema mke wangu, “ya wenzio umeyafuata hadi Nairobi. Na ya kwetu je?”

Sikuwa na jibu, nikakimbilia vitabuni. Huko nikakuta jambo ambalo limeniuma zaidi kuliko ile miche iliyokufa. Ua hili Waingereza hawakuzaliwa nalo. Asili yake ni kusini mwa Italia na kisiwa cha Sicily, na mtawa wa huko, Francesco Cupani, ndiye aliyepeleka mbegu zake Uingereza mwaka 1699. Wakati huo maua yake yalikuwa madogo, na sifa yake kubwa ilikuwa harufu. Waingereza wakalilea. Mwishoni mwa karne ya 19 mtunza bustani mmoja, Henry Eckford, akazalisha aina nyingi zenye maua makubwa. Mwaka 1900 wapenzi wa ua hilo wakaunda chama chao. Mwaka 1911 gazeti la Daily Mail likatangaza mashindano, na zawadi ya kwanza ilikuwa pauni 1,000. Pauni elfu moja, ndugu msomaji, kwa shada la maua!

Sisemi haya ili kuwasifu Waingereza. Nauliza tu: ikiwa wao walilichukua ua la watu wakalifanya lao, sisi la kwetu tumelifanya la nani?

Baada ya siku chache alinijia kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, kaniletea mashairi yake niyapitie. Mizani zilitimia na vina vilikaa sawa. Katika ubeti wa tatu alimsifu mpenziwe kwa harufu ya mrehani. Nikafurahi, nikamtuma mtoto kwa jirani alete kitawi. Nikampa kijana. Akakinusa, akakigeuza huku na huku, kisha akaniuliza kwa adabu: “Maalim, hii ni mboga gani?”

Sikumcheka. Aibu ilikuwa yangu mimi. Mrehani nimeutaja katika mashairi yangu mara zisizopungua ishirini, na siku ile, kama ulivyoona, kitawi nilikiomba kwa jirani. Kijana yule alilinakili neno tu. Sisi wazee ndio tuliomwachia neno bila mti wake.

Mimi nilikua nao. Uani kwetu mrehani ulikaa katika kopo karibu na birika, na mama akipita huupapasa kwa kiganja, nyumba nzima ikanukia. Vitawi vyake vilifungwa pamoja na asumini na waridi, kikawa kikuba cha kuvaliwa kifuani penye harusi. Na pale chuoni, tulipofika Sura ya Rahman, maalim wetu alitwonyesha neno raihani, ambalo wafasiri wengi hulieleza kuwa ni mmea wenye harufu nzuri, kisha akatunyoshea kidole kopo lililokuwa mlangoni. Tangu siku ile aya ile kwangu ina harufu.

Najua nitakayojibiwa. Nyua zimetiwa saruji, wengi tunakaa ghorofani, na marashi ya chupa yamejaa madukani. Marashi sina ugomvi nayo. Lakini chupa haimfundishi mtoto jina la mti. Na mrehani hauhitaji shamba, wataka dirisha lipatalo jua la asubuhi.

Twaa kopo kuukuu, litoboe matundu chini, ulijaze udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza. Mbegu zake ni ndogo na nyeusi. Usizifukie, zitandaze tu na kuzifunika kwa udongo mwepesi kiasi cha kuzificha, kisha nyunyiza maji kwa vidole. Utaziona zikivaa utelezi. Usishtuke, hizi ni jamaa ya zile mbegu zitiwazo katika faluda. Baada ya siku tano hadi kumi zitachipua. Ng'oa miche iliyosongana, na iliyobaki ikifika majani sita, kata ncha ili itawanye matawi. Maji ya kisima yenye chumvi yataidumaza, afadhali ya mvua au ya bomba. Maua yakianza kutoka yachume, ila uache shina moja lizae. Vishuke vyake vikikauka na kuwa rangi ya kahawia, visugue viganjani, upepete, uzihifadhi mbegu. Mama alizifunga katika pindo la leso, na hakununua mbegu maisha yake yote.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Neno hukaa katika lugha maadamu watu wakijua kitu chake. Kitu kikipotea, neno hubaki ndani ya kamusi, na mwisho hata watunga mashairi huliacha. Basi nawaomba walimu wa Kiswahili wanaofundisha ushairi waweke kopo moja darasani. Na ndugu zetu wa Lamu, ambao katika Maulidi yao hutupa hadi mbio za punda, hebu waongeze na zawadi ya kikuba kizuri kuliko vyote, kilichofungwa kwa maua yaliyopandwa nyumbani. Si lazima iwe pauni elfu moja.

Kwangu mimi sasa yapo makopo sita, na mke wangu amepunguza kunicheka kidogo. Yule kijana nilimfungia mbegu katika karatasi, kiasi cha kijiko kimoja. Shairi lake nimelizuia. Nimemwambia nitalipitisha siku atakapoliletea kitawi chake mwenyewe.