Walinzi Wawili Hawatoshi

Ni desturi yetu kumkabidhi mtu mmoja, au wawili wakizidi, ufunguo wa ghala na sanduku la fedha za chama. Husemwa kwamba kumwongeza wa tatu ni kumvunjia heshima aliyeaminiwa. Mimi naona sivyo, na shahidi wangu ni mnara wa mbao.

Magharibi ya Wales, mbali na pwani, yako majabali madogo yaitwayo Smalls. Katika mwaka 1776 Henry Whiteside, fundi wa kutengeneza vinanda kutoka Liverpool, alisimamisha hapo mnara wa taa ya kuongoza meli. Hakujenga ukuta. Alisimika miguu mirefu ya mwaloni, na juu yake akaweka chumba cha walinzi, ili mawimbi yapite katikati ya miguu. Mnara huo ulidumu hata mwaka 1861, ulipojengwa mwingine wa mawe.

Walinzi walikuwa wawili tu. Yapata mwaka 1801 walikuwa Thomas Howell na Thomas Griffith, watu waliojulikana kwa kugombana. Griffith akafa. Howell hakuwa na kosa lo lote, lakini aliogopa kwamba akiutosa mwili baharini, watu watasema amemwua mwenzake. Basi akatengeneza sanduku, akautia mwili ndani, akalifunga nje ya chumba. Dhoruba zikazuia mashua kwa majuma mengi. Upepo mkali ukalivunja sanduku, na Howell akakaa na maiti mbele ya macho yake, huku akiwasha taa kila usiku. Alipookolewa, yasemekana hata rafiki zake hawakumtambua. Baada ya hapo ikawa kanuni walinzi wawe watatu.

Angalieni: yule wa tatu hakuletwa kumkamata mwovu. Aliletwa kumlinda mwaminifu asiye na shahidi. Mwenzetu ashikaye fedha peke yake yumo katika hali ile ile. Shilingi zikipungua, hata kwa kukosea hesabu tu, hana wa kumsemea.

Basi, wanafunzi, nanyi mliomaliza mnaoichangia shule yetu, naomba funguo na hesabu ziwe mikononi mwa watu watatu. Aliyeaminiwa asione uchungu. Siku shaka itakapoingia, yeye ndiye atakayeshukuru kwanza. Penye wengi hapaharibiki neno.