Historia yetu iko kando ya barabara, sisi tunapita mbio

Shule zimefunga, vakanse imeanza. Kwenye barabara ya taifa namba 1, kati ya Lubumbashi na Likasi, magari ya familia yanapishana na malori yaliyobeba shaba na kobalti. Watoto wamekaa nyuma, masufuria ya chakula yako katikati ya miguu, muziki uko juu. Kilomita 50 hivi kutoka mjini, gari linapita Shilatembo. Hapo ndipo, usiku wa tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliuawa kwa risasi. Wengi wetu tunapita bila hata kupunguza mwendo. Tunasimama mbele kidogo, kununua mfuko wa makala na kikapu cha nyanya.

Mwandishi wa mistari hii hana haki ya kumlaumu mtu. Alipita hapo kwa miaka, akienda kwenye matanga, kwenye ndoa na kwenye kazi. Siku moja mtoto wa dada yake, aliyekuwa na miaka 11, aliuliza kama Shilatembo ya mwalimu darasani ndiyo hii tunayoipita. Tulikuwa tumeshapita. Tuligeuza gari, tukarudi.

Safari ile ilitufundisha jambo tunalotaka kulisema leo. Historia yetu haiko Kinshasa na Ubelgiji peke yake. Iko kando ya barabara, katika nyumba za zamani na makumbusho madogo, na inapotea kwa sababu mbili: wakubwa hawaitunzi, na sisi hatuendi kuiona.

Nyumba ya masaa machache

Mtu akitaka kuielewa Shilatembo, lazima aanzie Lubumbashi, kwenye nyumba inayojulikana kama Villa Brouwez, si mbali na uwanja wa ndege wa Luano. Si jumba la mfalme. Ni nyumba ya kawaida, kama nyingi ambazo Wabelgiji walijenga pembezoni mwa Elisabethville. Lakini Lumumba na wenzake walipoteremshwa kutoka kwenye ndege jioni ile, humo ndimo walimofungiwa. Walipigwa humo kwa masaa machache, kisha wakapakiwa ndani ya magari na kupelekwa porini.

Kuna wanaouliza: nyumba ya mkoloni, ya nini kuitunza? Ibomoke tu. Sisi tunasema hapana. Miili ya watu wale iliharibiwa makusudi ili pasibaki kaburi wala ushahidi. Kilichobaki cha Lumumba ni jino moja, ambalo polisi Mbelgiji aliyehusika katika kazi ile alijiwekea. Familia ilirudishiwa jino hilo Juni 2022 tu, miaka 61 baadaye. Likapitishwa Sankuru, Kisangani na Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Mahali ambapo mwili haupo, nyumba inabaki kuwa shahidi. Ukuta haujui kusoma wala kuandika, lakini unaweza kumwonyesha mtoto kwamba haya yalifanyika hapa, kwenye barabara tunayoijua.

Shaba iliyokuwa pesa

Kabla ya kutoka Lubumbashi, kuna Makumbusho ya Taifa. Yalianzishwa mwaka 1946, wakati wa ukoloni, yakiwa na jina la Leopold wa Pili. Jina lilibadilika, vitu vikabaki. Humo utakutana na misalaba midogo ya shaba ambayo mababu zetu waliiyeyusha na kuitumia kama pesa mamia ya miaka kabla ya mzungu wa kwanza kufika Katanga. Wachimbaji wa historia waliikuta hata ndani ya makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, ambako walianza kazi mwaka 1957. Misalaba hiyo hiyo iliwekwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga mwaka 1960.

Kijana wa leo anaambiwa kila siku kwamba shaba yetu iligunduliwa na Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Akisimama dakika tano mbele ya msalaba mmoja wa shaba, uongo huo unakufa bila mwalimu kupaza sauti. Union Minière haikuleta ujuzi wa shaba. Iliukuta.

Katika mji huo huo, chuo kikuu cha Lubumbashi kilianzisha kazi ya kukusanya kumbukumbu za wafanyakazi na familia zao. Mwaka 2010, mji ulipotimiza miaka 100, kikatoka kitabu chenye maneno haya ya Kiswahili chetu kwenye jina lake: Ukumbusho wa mukini wa komponi. Wazee wa kambi za kazi walisikilizwa kama mashahidi wa historia. Hiyo ni njia nzuri, nasi tutairudia hapa chini.

Mawe ya Likasi

Baada ya Shilatembo, barabara inaendelea hadi Likasi, kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi. Wakati wa ukoloni mji huo uliitwa Jadotville. Huko Union Minière iliweka makumbusho ya mawe na kuyapa majina ya wakubwa wake wawili, Edgar Sengier na Jules Cousin. Hata madini yenyewe yalibatizwa kwa majina yao: kuna jiwe linaloitwa sengierite na jingine linaloitwa cousinite. Na mchimbaji aliyelitoa chini ya ardhi, aliitwa nani? Jiwe halisemi.

Karibu na mji huo kuna Shinkolobwe. Urani iliyotumika katika bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka huko kwa sehemu kubwa. Sengier alikuwa amesafirisha zaidi ya tani elfu moja za madini hayo hadi New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Mgodi wenyewe ulifungwa na serikali mwaka 2004, hauwezi kuutembelea. Kinachobaki ni mawe ndani ya kabati na watu wanaokumbuka. Mtoto wa Likasi anaweza kumaliza masomo yote na kupata diploma ya taifa bila mtu kumwambia kwamba dunia ilibadilika kwa jiwe lililotoka nyuma ya kwao.

Mwenye ufunguo yuko shambani

Tuseme ukweli wote. Katika safari zetu tulifika kwenye makumbusho moja madogo, tukakuta kufuli mlangoni. Hakuna bango, hakuna saa za kufungua. Jirani akatuambia mwenye ufunguo yuko shambani. Tukangoja. Mzee alifika baada ya masaa mawili, jembe begani, akifuta jasho, akatuomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake. Alikuwa hajalipwa kwa muda mrefu, na analima ili watoto wale.

Akafungua. Mvua ilikuwa imeingia upande mmoja wa paa. Karatasi za maelezo zilikuwa za Kifaransa, nyingine zimeliwa na mchwa. Lakini mzee alipoanza kueleza, hatukuhitaji karatasi. Alijua kila kitu kilitoka kijiji gani, nani alikileta na kilitumiwa kwa kazi gani. Tulipomuuliza kama maneno hayo yameandikwa mahali, akajigusa kichwa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Paa linaweza kujengwa tena. Mzee yule akifa, vitu vitabaki, lakini vitakuwa vibuyu na vyuma tu.

Tervuren na mlango wetu

Nchi yetu inadai Ubelgiji irudishe vitu vyetu, na inadai kwa haki. Desemba 1884, watu wa Luteni Émile Storms walimuua chifu Lusinga wa Watabwa, upande wetu wa Ziwa Tanganyika. Walichukua sanamu ya ukoo wake na kichwa chake, na vyote viwili vilifika Ubelgiji. Februari 2022, Ubelgiji ilimkabidhi waziri mkuu wetu wa wakati huo, Sama Lukonde, orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyoko Tervuren. Juni mwaka huo Mfalme Philippe alikuja Kinshasa na kinyago kimoja, kakuungu cha Wasuku, tena kwa mkopo.

Hata historia tuliyoitengeneza wenyewe iko mbali. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi hii katika picha 101, kati ya mwaka 1973 na 1974, na akazieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Leo picha hizo ziko Amsterdam.

Tuendelee kudai. Lakini kinyago kikirudi, kitawekwa wapi? Kinshasa imepata jumba kubwa la makumbusho, lililojengwa kwa msaada wa Korea Kusini na kufunguliwa mwaka 2019. Ni jambo jema. Ila kutoka Moba au Kolwezi, Kinshasa ni mbali karibu kama Brussels kwa mtu asiye na pesa ya ndege. Na Mbelgiji akituuliza tunavitunzaje vile tulivyonavyo tayari, tutamwonyesha kufuli lile?

Watu wana njaa, kuna vita

Tunajua jibu la wengi: watu hawana maji wala umeme, ninyi mnazungumza makumbusho. Na wasomaji wetu wa Goma, Bukavu na Uvira wanaweza kusema kwamba hiyo safari ya gari ni ya watu wenye amani. Ni kweli. Kituo cha Lwiro, kilichoanzishwa mwaka 1947 katika Kabare, kina wanyama, wadudu na vitabu ambavyo kila mtoto wa Kivu angepaswa kuviona, na tangu vita vifike Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, mzazi anafikiri mara mbili kabla ya kuwapandisha watoto ndani ya gari. Hatuwaambii watu wahatarishe maisha.

Lakini vita ndiyo sababu ya kusema sasa. Vitu vidogo vya historia ndivyo vinavyopotea wa kwanza katika fujo, na hakuna anayevihesabu. Kitu kisichoandikwa popote kikiibiwa, hata kesi hakuna.

Na pesa? Hapa Katanga tusidanganyane. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema asilimia 25 ya mrabaha wa madini inaenda kwa jimbo, asilimia 15 kwa mji, sekta au uchifu ambako madini yanachimbwa, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kila kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa mahali inapochimba. Mabati ya paa moja na mshahara wa walinzi wawili si kitu mbele ya pesa hizo. Kama kuna mfuko wa vizazi vijavyo, basi vizazi hivyo vina haki pia ya kujua vilitoka wapi.

Tunachoomba

Kwa wakubwa wa majimbo, tunaomba mambo manne ambayo hayahitaji mkutano wa kimataifa. Bango barabarani, kwa Kiswahili na Kifaransa. Saa za kufungua zinazoheshimiwa. Orodha ya vitu vyote vilivyomo, yenye picha, nakala moja ikae mahali pengine. Na mshahara kwa mwenye ufunguo, ulipwe kila mwezi.

Kwa vyuo vikuu, tunaomba wanafunzi wa historia na wa uandishi wa habari watumwe na simu zao kwa wazee hao, warekodi sauti kwa lugha ambayo mzee anaizungumza. Kazi ya Ukumbusho ilionyesha kwamba inawezekana.

Kwa wakuu wa masomo: badala ya kuwapeleka watoto kila mwaka kwenye bwawa la kuogelea, wapelekeni mara moja Shilatembo.

Na kwako wewe msomaji, unayesoma haya kwenye simu, pengine ndani ya gari: punguza mwendo. Uliza mwenye ufunguo ni nani. Mlipe kitu, hata kama hakuna tikiti, na umwombe aandike jina lako kwenye daftari. Kama hana daftari, mnunulie moja. Mkubwa akisema hakuna anayekuja, daftari hilo litamjibu.

Siku ile Shilatembo, mtoto wa dada yangu hakusema mengi. Alisimama, akatazama miti, akauliza kama ilikuwepo usiku ule. Hatukujua la kumjibu. Lakini hadi Likasi hakuna aliyewasha muziki.