Nambari ya Siri Haitolewi. Na Ile ya Hospitali Je?

Kwa miaka mingi tumewaambia wateja wetu jambo moja: usimpe mtu nambari yako ya siri, hata awe mtoto wako. Somo hilo limeingia. Muulize shosho yeyote sokoni Karatina, naye atakujibu hivyo hivyo, na pengine aanze kukushuku kwa kuuliza.

Sasa shosho huyo anaenda hospitali. Pale dirisha la usajili anatoa kitambulisho, kisha anaambiwa, "Shosho, kuna nambari imeingia kwa simu yako, tusomee." Anakataa. Wengine watasema hajui teknolojia. Sisi tunaona amelikumbuka somo vizuri sana, ila hakuna aliyemfundisha sehemu ya pili.

Hizi ni nambari mbili tofauti. PIN ni ufunguo wa pesa zako, na haisomewi mtu yeyote, awe daktari ama mhudumu wetu. Nambari ya uthibitisho ya SHA, pale inapotumika, huja kwa ujumbe mfupi na hutumika mara moja. Kazi yake ni kama sahihi: unakubali kwamba ni wewe umefika pale, na kwamba matibabu yadaiwe kwa jina lako.

Kwa hivyo itoe ukiwa hospitalini, wewe mwenyewe ukiwa umeomba huduma, na baada ya kusoma ujumbe wote. Ukipigiwa simu nyumbani na mtu anayesema ni wa SHA, usimpe. Ikiingia siku ambayo hujaenda kutibiwa, usiipuuze, uliza. Sahihi yako ina thamani: mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali kadhaa zilizoshukiwa kudai pesa za wagonjwa hewa.

Kuna shida nyingine, na hii inatoka kwetu vijana. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, wengi waliwaandikisha wazazi haraka haraka wakiwa Nairobi, wakaweka nambari zao wenyewe za simu. Leo mama yuko kwa benchi ya hospitali Othaya, nambari inaingia kwa simu ya kijana aliye kazini, na simu imezimwa. Mama anangoja.

Tukumbuke pia watu wa Nyeri wamepitia mengi. Desemba 2018 kaunti yao ilikuwa moja kati ya nne za majaribio ya afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Isiolo na Machakos. Familia ziliandikishwa. Baadaye majaribio yakaisha, kisha SHA ikaja na usajili mwingine. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kuuliza maswali. Kumwambia "ni rahisi tu" hakumsaidii.

Pesa kwa simu zilipoingia mwaka 2007, wazazi wetu hawakujifunza kwa kusoma mabango. Walienda kwa wakala, wakatuma kidogo, ujumbe ukaingia, wakaamini. Afya pia ifundishwe hivyo.

Hebu wikendi hii ukienda ushago, fanya hivi. Mwache mzazi apige *147# kwa simu yake, hata kama ni mulika mwizi, intaneti haihitajiki. Aangalie kama ameandikishwa. Hakikisheni nambari ya simu iliyoko kwa rekodi ni yake. Kama macho yamechoka, msomee, lakini abonyeze yeye. Mkikwama, mtafuteni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu.

Zungumzeni pia kuhusu malipo. Zahanati na vituo vya afya havidai mchango uwe umelipwa, bora umejiandikisha. Hospitali kubwa zinadai, na kwa asiye na mshahara mchango hulipwa wa mwaka mzima, si chini ya shilingi 300 kwa kila mwezi. Bonasi ya majani chai ikiingia, huo ni wakati mzuri wa kulipa.

Tunajua ni haraka zaidi ukimfanyia kila kitu. Lakini siku atakayougua usiku na simu yako haishikiki, atahitaji kile alichojifunza kwa vidole vyake mwenyewe.